SADAKA YA GARI KUUKUU LA UMEME: UMETOA AU UMETUPA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu Waislamu, na wewe jirani yetu usiye Mwislamu ambaye karatasi hii imekufikia mkononi, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ijumaa hii tunajibu swali. Kijana mmoja wa hapa kwetu, ambaye leo anaishi Marekani na mke na watoto wake, amemwuliza mjomba wake kwa simu, na mjomba akatuletea. Kijana huyo ana pikapu ya umeme, isiyotia petroli, aliyoinunua kwa kazi yake ya kupaka rangi nyumba. Sasa anataka kupata nyingine. Ile ya kwanza anafikiri kuitoa kwa shirika moja la kusaidia maskini. Wenzake kazini wamemwambia kwamba akifanya hivyo serikali itampunguzia kodi. Naye anauliza: je, hiyo ni sadaka mbele ya Mungu, au ni njia ya kuondoa chuma kuukuu uani kwangu?

Hilo ni swali la mtu anayeihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa. Tulitazame polepole, pande zote.

SWALI HILI LINATUHUSU NINI?

Huenda utasema: magari ya umeme ya Marekani yanatuhusu nini sisi ambao taa ya nyumbani inawaka siku moja na kuzimika siku tatu? Ngoja, ndugu yangu. Yanatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, sadaka ni sadaka popote. Mwenye kutoa pikapu kule na mwenye kutoa baiskeli hapa wanapimwa kwa mizani moja.

Pili, sisi ni watu wa kupokea. Nguo, mashine za kushonea, vitanda vya hospitali, kompyuta, vingi vinatufikia vikiwa vimekwisha kutumiwa na wengine. Utamu wake tunaujua, na uchungu wake pia.

Tatu, ndani ya betri nyingi za magari hayo mna kitu kilichotoka katika ardhi yetu ya Kongo. Hilo tutalifikia.

JINSI SADAKA YA GARI INAVYOFANYIKA KULE

Kule Marekani kutoa gari kuukuu kwa shirika la hisani ni jambo la kila siku. Mwenye gari anapiga simu au anajaza karatasi. Gari la kukokota linakuja, linalichukua bila malipo, naye anapewa risiti. Wengi wanadhani kwamba kesho yake gari lile litabeba unga wa maskini. Mara chache ndivyo ilivyo. Mara nyingi linapelekwa mnadani, au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu likiwa bovu sana. Kampani ya katikati inayolikokota na kuliuza inakata malipo yake. Kinachobaki ndicho kinachofika kwa shirika.

Kuuza si ubaya, kwa sababu fedha nazo zinanunua unga na dawa. Ubaya uliingia mahali pengine. Zamani mtoaji alikuwa akijikadiria mwenyewe thamani ya gari lake, kisha anaiandika katika karatasi za kodi. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza magari 54 yaliyotolewa hivyo. Katika karibu theluthi mbili za magari hayo, shirika lilipata asilimia 5 au pungufu ya thamani aliyoiandika mtoaji. Fahamu maana yake: mtu anaandika kwamba ametoa gari la dola 2,000, na shirika linaingiza dola 100 au chini ya hapo.

Basi Oktoba 2004 ikapitishwa sheria mpya, ikaanza kufanya kazi mwaka 2005. Sheria hiyo inasema: gari likiuzwa na shirika, na mtoaji akitaka kuhesabiwa zaidi ya dola 500, basi hawezi kuhesabiwa zaidi ya fedha halisi lililouzwa. Lakini kuna mahali ambapo anaruhusiwa kuandika thamani kamili ya soko. Pa kwanza, shirika likilitumia gari lenyewe kwa kazi yake, na matumizi hayo yawe makubwa. Pa pili, shirika likilitengeneza kwa matengenezo makubwa ya kuliongezea thamani. Pa tatu, shirika likimpa mtu mhitaji, au kumwuzia kwa bei ya chini sana, ikiwa kusaidia wahitaji ndiyo kazi yake.

Tazama, ndugu msomaji. Sheria hiyo haikuandikwa na mashehe. Lakini imefika mahali ambapo kila mwenye akili anafika akifikiri vizuri: kwamba sadaka haipimwi kwa mdomo wa mtoaji, inapimwa kwa kile kilichofika mkononi mwa mpokeaji.

PIKAPU YA UMEME SI KAMA PIKAPU NYINGINE

Pikapu za umeme si kitu cha jana. Ford ilitengeneza Ranger ya umeme kati ya 1998 na 2002, chache tu, na nyingi zilikodishwa badala ya kuuzwa. Mwaka 2021 Rivian ilianza kuwapa wateja pikapu yake ya R1T, na mwaka 2022 Ford ikatoa F-150 Lightning. Ndiyo sababu leo zinapatikana zilizokwisha tumika, na swali kama la kijana wetu linazuka.

Gari la namna hiyo linabeba betri kubwa chini ya sakafu yake. Betri ndogo ya Lightning ya 2022 ilikuwa na uwezo wa kilowati-saa 98. Betri ya simu yako ina kama wati-saa 15. Yaani betri moja ya pikapu ile ina umeme wa kujaza simu zaidi ya 6,000. Na umeme huo unapita kwa nguvu ya karibu voti 400, hali nyumbani kwetu ni 220.

Kwa sababu hiyo, anayetoa pikapu ya umeme anatoa kitu chenye masharti.

Sharti la kwanza ni mahali pa kuijaza umeme. Kwenye tundu la kawaida la nyumba za Marekani, betri kama hiyo inachukua siku kadhaa kujaa. Shirika lisilo na chombo maalumu cha kuchajia linaweza kupewa gari zima likabaki limesimama.

Sharti la pili ni afya ya betri. Injini ya petroli ikizeeka inatoa moshi na kelele, hata mtoto anaijua. Betri inazeeka kimya. Nje gari linang'aa, ndani uwezo umepungua, na mpokeaji hajui mpaka siku limemkatikia njiani. Wanaotengeneza magari hayo Marekani kwa kawaida wanatoa dhamana ya betri ya miaka 8 au maili 100,000, ambazo ni kilometa 160,000 hivi. Muda huo ukipita, kubadilisha betri ni maelfu mengi ya dola.

Sharti la tatu ni fundi. Fundi wa kando ya njia anayeweza kufungua injini ya dizeli na kuifunga gizani, hapa asiguse bila kufundishwa. Voti 400 zinaua.

Na kuna aibu nyingine iliyofichika zaidi. Mwaka 2022, baada ya tufani iliyoitwa Ian kupiga Florida mwezi Septemba, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama katika maji ya chumvi yaliwaka moto, mengine siku kadhaa baada ya maji kuondoka. Mtu akilikausha gari la namna hiyo, akalipangusa, akalitoa kwa kituo cha yatima bila kusema, huyo ametoa nini?

Lakini tuwe waadilifu, tuseme na upande wa pili. Kwa shirika lenye mahali pa kuchajia na safari fupi za kila siku, pikapu kama hiyo ni neema. Haili petroli wala haibadilishwi mafuta ya injini. Nyingine zina tundu za umeme nyuma, zinaweza kuendesha msumeno, pampu au friji ya dawa mahali ambapo umeme umekatika. Kitu ni kilekile. Katika mkono mmoja ni msaada, katika mkono mwingine ni mzigo.

TENDE MBOVU NA SHAMBA LA ABU TALHA

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Je, kutoa kile usichokihitaji tena ni sadaka?

Qur'ani ina mafundisho matatu juu ya jambo hili, na mtu akishika moja peke yake atapotea. Katika Surat al-Baqara, aya 219, watu waliuliza watoe nini, wakajibiwa watoe kile kinachowazidi. Basi kutoa ziada si aibu. Katika sura hiyohiyo, aya 267, waumini wanakatazwa kukusudia kutoa kilicho kibaya, kitu ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Na katika Surat Aal Imran, aya 92, tunaambiwa kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda.

Wanachuoni wanasimulia sababu ya ile aya ya kukataza. Pale Madina wenye mitende walikuwa wakileta mikungu ya tende na kuitundika msikitini ili mafakiri wale. Baadhi yao wakaleta mikungu ya tende kavu, zilizoharibika. Kwa macho ya watu wametundika kama wenzao. Lakini mwenye njaa alipoinua mkono, alikuta kitu kisicholika.

Na juu ya aya ya kutoa tunachokipenda, wanasimulia habari za Abu Talha (r.a.). Alikuwa na shamba lililoitwa Bayruha, lenye maji matamu, na ndilo alilolipenda kuliko mali yake yote. Aya ilipoteremka akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kulitoa. Mtume akamsifu, kisha akamshauri aligawe kwa jamaa zake wa karibu. Angalia vizuri hapo. Hata sadaka bora namna ile, swali la pili lilikuwa: iende mkononi mwa nani?

Kwa hiyo ngazi ni tatu. Iliyo juu ni kutoa unachokipenda. Ya katikati ni kutoa kilichokuzidi kikiwa kizima, na hiyo nayo ina thawabu. Ya chini, iliyokatazwa, ni kutoa ubovu ukauita sadaka. Na kipimo cha kuzitenganisha mbili za chini kimo ndani ya aya yenyewe: je, wewe ungepewa kitu hicho na mwenzako, katika hali hiyohiyo, ungekipokea ukishukuru, au ungekipokea umefumba macho kwa kuona haya kukataa?

FARASI WA SAYYIDNA UMAR

Usidhani kwamba habari ya kutoa chombo cha safari ni mpya. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alitoa farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu, akampa mtu wa kumpanda. Farasi wakati ule ndiye aliyekuwa gari. Yule aliyepewa hakumtunza, akamwacha adhoofike. Umar akamwona anauzwa, akatamani kumnunua, akidhani atampata kwa bei rahisi. Akamwuliza Mtume (s.a.w.). Mtume akamkataza asimnunue hata akiuziwa kwa dirhamu moja, akamfananisha mwenye kuirudia sadaka yake na mbwa anayerudia matapishi yake. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Ndani yake tunapata mambo matatu. La kwanza, ukitoa, umetoa. Wazee wetu wanasema, aliyepewa hapokonyeki. Kijana wetu asitoe gari leo, kisha kesho akamtuma shemeji yake mnadani kulinunua kwa bei ya chini.

La pili, Umar hakulaumiwa kwa kutoa. Farasi alikuwa mzuri na nia yake ilikuwa safi, hata ingawa mkono uliompokea ulikuwa mlegevu. Thawabu ya mtoaji haifi kwa uzembe wa mpokeaji.

La tatu, farasi alidhoofika kweli. Haja ambayo angeitimiza haikutimia. Basi mwenye huruma hasemi tu kwamba mimi nimekwisha pata thawabu zangu. Anauliza tangu mwanzo: nani atamlisha farasi huyu? Na kwa pikapu ya umeme swali ni hilohilo: nani atalichaji gari hili, nani atalitengeneza, kwa fedha gani?

PUNGUZO LA KODI LINAHARIBU SADAKA?

Wengine watasema: akipunguziwa kodi, amekwisha lipwa hapahapa duniani, huko akhera hana chake. Hapana, si rahisi hivyo. Katika Surat al-Baqara, aya 198, mahujaji wameruhusiwa kutafuta fadhila za Mola wao, yaani kufanya biashara, katika safari ileile ya hija. Kama hija haiharibiki kwa faida ya halali iliyokuja pembeni yake, kwa nini sadaka iharibike kwa punguzo la halali?

Tena tuelewe punguzo lenyewe. Mtu akitoa kitu cha dola 1,000, serikali haimrudishii dola 1,000. Inaacha kumtoza kodi juu ya sehemu hiyo ya mapato yake, basi anaokoa fungu dogo tu. Na si kila mtu anayelipata: ni kwa wale wanaoorodhesha sadaka zao katika hesabu ya kodi, na wengi hawaorodheshi.

Kinachoharibu ni vitu viwili. Cha kwanza ni uongo: kuandika thamani isiyokuwapo. Huo ni wizi wa mali ya umma uliovikwa kanzu ya sadaka, na kodi hiyo iliyopunjwa ilikuwa na maskini wake ndani. Cha pili ni nia kugeuka. Jipime hivi: kama punguzo lingefutwa usiku wa leo, je, asubuhi ungelitoa gari? Ukisema ndiyo, punguzo ni faida ya pembeni. Ukisema hapana, basi umefanya biashara. Biashara si haramu, lakini usiite jina lisilokuwa lake.

JASHO LA KOLWEZI

Sasa tufike pale tulipoahidi. Betri nyingi za magari ya umeme zina kobalti. Si zote: kuna aina ya betri za chuma na fosfeti ambazo hazina kobalti kabisa, na betri nyingi za siku hizi zinatumia kidogo kuliko zile za kwanza. Lakini kobalti ya dunia, zaidi ya theluthi mbili inachimbwa hapa Kongo, upande wa Lualaba na Haut-Katanga, na Kolwezi ndio mji wake mkubwa.

Sehemu kubwa inatoka katika migodi ya mashine. Nyingine inachimbwa kwa mikono, kwa sururu na kamba. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, watu walifikia kuchimba mashimo hata ndani ya nyumba zao. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016, iliyofanywa pamoja na Afrewatch, ilieleza habari za watoto waliokuwa wakiokota mawe, kuyaosha na kuyabeba. Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi mmoja karibu na Kolwezi, wakafa wachimbaji wa mikono wasiopungua 43. Mawe ya mikono na mawe ya mashine yanaweza kuchanganywa njiani, na yakishachanganywa hakuna awezaye kusema betri hii imebeba jasho la nani.

Je, kijana wetu anabeba dhambi yake? Hapana. Hakumtuma mtoto shimoni wala hakupindisha mizani. Alinunua sokoni kitu cha halali. Lakini kuna mambo mawili asiyasahau.

La kwanza, sadaka haifui haki za watu. Haki ya Mungu mja anaweza kusamehewa kwa toba. Haki ya mja mwenzako inarudishwa kwa mwenyewe. Maneno haya si ya kijana yule. Ni ya wale wanaonunua mawe kwa mizani iliyopindwa, kisha wakajenga darasa mbili na kupiga picha. Darasa ni jema, na deni la mizani liko palepale.

La pili, kitu kilichopatikana kwa taabu ya watu wengi ni amana. Akina mama walioosha mawe mtoni hawatamjua kamwe mwenye pikapu ile. Lakini pikapu ikifanya kazi miaka kumi zaidi, inabeba chakula cha wajane, taabu yao imezaa. Ikiachwa ioze uani kwa shirika lililoshindwa kuichaji, ni israfu, na mwenye kuifanya israfu hiyo ni yule aliyeitoa bila kuuliza. Hata siku gari likifa kabisa, betri yake isitupwe: kobalti na nikeli vinaweza kutolewa tena ndani yake vikatumika upya.

JIBU KWA KIJANA WETU

Mwanangu, jibu letu ni hili. Gari lako linaweza kuwa sadaka njema. Ili liwe hivyo, fanya haya:

1. Kabla ya kutoa, uliza. Je, shirika litalitumia, litampa mhitaji, au litaliuza? Wana mahali pa kulichaji? Wakiliuza, fungu gani linawafikia?

2. Sema aibu zake zote. Peleka kwa wanaojua, betri ipimwe, karatasi ya kipimo iende pamoja na gari. Kama liligongwa au lilizama majini, andika. Katika biashara dini inakulazimisha kuonyesha kasoro kwa anayekulipa. Fakiri asiye na cha kukulipa usimfiche.

3. Litoe likiwa kamili: waya wake wa kuchajia, funguo zote, hati isiyo na deni. Kama kampani imeyaita magari ya aina hiyo kwa matengenezo ya usalama, lipeleke kwanza wewe.

4. Ukikuta hakuna shirika karibu nawe linaloweza kulitunza, basi liuze wewe mwenyewe kwa haki, upeleke fedha. Kuuza ni taabu, najua: kupiga picha, kungoja wateja, kubishana bei. Lakini usiwatupie maskini taabu hiyo, kisha ukaiita ukarimu. Huenda taabu hiyo ndiyo sehemu ya sadaka unayoipenda, yaani wakati wako.

5. Andika katika karatasi za kodi kile kilicho kweli tu.

6. Na ukiweza, ongeza kitu juu yake: gharama ya umeme ya miezi michache, au ya matairi. Kuongeza huko ndiko kunakokupandisha kutoka ngazi ya ziada kwenda ngazi ya kile unachokipenda. Kutoa ni moyo, si utajiri.

NA SISI TULIO HAPA

Ndugu msomaji, usicheke ukidhani mahubiri haya yamevuka bahari peke yake. Sisi tunatundika tende mbovu kila siku. Mtu ana jenereta iliyokufa miaka miwili, anaileta msikitini. Jina lake linatangazwa, watu wanasema mashallah. Kisha kamati inachanga fedha za fundi mara tatu, na mwisho inanunua mpya. Jenereta ile ilikuwa sadaka ya nani kwa nani? Mwingine anapeleka kwa yatima shati lisilo na vifungo hata kimoja. Je, kushona vifungo vinne kungemshinda? Wahenga walisema rahisi ni ghali; na cha bure mara nyingine ni ghali kuliko hicho rahisi.

Na tunapopokea, tuna deni letu pia. Yule aliyepewa farasi na Umar hakuwa Mmarekani. Ni mara ngapi kituo cha afya kinapewa gari la wagonjwa, na mwaka haujaisha limewekwa juu ya matofali, matairi yamekwenda, kiti kimehamia barazani kwa mtu? Kila mmoja anasema si langu. Kwa sababu halikuwa la mtu, lilikufa. Lakini mama mwenye uchungu wa uzazi alilingoja usiku ule, naye alikuwa mwenye haki nalo.

Basi tushike desturi hii katika jamaa zetu na kamati zetu. Tukiletewa kitu, kabla ya kupiga picha tuulize maswali matatu: nani atakitunza, kwa fedha gani, na kikiharibika kitakwenda wapi? Tukikosa majibu, tuseme kwa adabu: ndugu, Mungu akulipe, lakini hiki hatukiwezi, tusaidie kwa namna nyingine. Kukataa kwa heshima si kiburi. Ni kumlinda mtoaji asipoteze mali, na kuwalinda maskini wasipewe mzigo.

Ewe mwenye kutoa, kabla mkono wako haujakiachia kitu, jiweke upande wa pili. Simama pale atakaposimama mpokeaji, asubuhi ya kwanza, wewe ukiwa umekwisha kwenda zako. Gari litawaka? Shati litavaliwa? Ukiona ndiyo, toa na moyo wako ukunjuke. Ukiona hapana, tengeneza kwanza, au tafuta mkono mwingine, au uza utoe fedha. Hapo utakuwa umetoa.

Mwenyezi Mungu atukubalie tunachotoa, atusamehe tulichokizuia, awarehemu waliokufa mashimoni wakitafuta riziki za watoto wao, na awape walio hai haki yao. Amin.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe ovyo wala kufungia karanga. Ukishaisoma, mpe jirani yako.